Simbamarara wa Daftarini na Simbamarara wa Msituni

Kila ifikapo tarehe 29 Julai, mataifa mengi huadhimisha Siku ya Simbamarara Ulimwenguni. Hotuba husomwa, picha za mnyama huyo mwenye milia hubandikwa ukutani, na wakuu wa serikali za bara la Asia hutangaza idadi ya simbamarara waliosalia katika nchi zao. Msomaji wa Kenya huenda akadhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali, kwa kuwa mnyama huyu, ambaye wengine humwita chui milia, hana makao ya asili katika mwitu wa Afrika. Mimi naona kwamba kisa chake kinatuhusu sana, na hasa kinawahusu walimu na wanafunzi, kwa sababu ni kisa cha hesabu. Kinatufunza jinsi mnyama anavyoweza kustawi katika daftari la serikali huku akiangamia msituni.

Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini kulikuwa na simbamarara wapatao 100,000. Walitapakaa kuanzia mashariki ya Uturuki na kandokando ya Bahari ya Kaspi hadi mashariki ya mbali ya Urusi, na kusini hadi visiwa vya Java na Bali. Kufikia mwaka wa 2010, waliosalia mwituni walikadiriwa kuwa 3,200 tu. Wale wa Bali walitoweka kabla ya katikati ya karne hiyo. Wale wa Java na wa Kaspi waliwafuata katika miaka ya 1970 au muda mfupi baadaye. Leo hii mnyama huyu anaishi katika sehemu isiyofika hata moja ya kumi ya makao yake ya zamani.

Sababu za maangamizi hayo zinajulikana. Watawala wa kikoloni na wafalme wa Kihindi waliwinda simbamarara kwa ajili ya fahari. Misitu ilifyekwa ili kupata mashamba ya mpunga, chai na michikichi. Kulungu na nguruwe-mwitu, ambao ndio chakula chake, wakaishia katika vyungu vya binadamu. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana, nalo ni hesabu rahisi ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Simbamarara mmoja huhitaji kuua mnyama mkubwa kama kulungu takriban mara 50 kwa mwaka. Ili awapate hao 50 kila mwaka bila ya kuwamaliza, ni lazima msitu wake uwe na wanyama wa aina hiyo wapatao 500. Basi msitu unaweza kuwa wa kijani kibichi, miti imesimama wima, na bado simbamarara akafa njaa ndani yake.

Nchi iliyobeba mzigo mkubwa zaidi wa kumhifadhi mnyama huyu ni India, yenye zaidi ya nusu ya simbamarara wote wa mwituni. Mwaka wa 1972 nchi hiyo ilipitisha sheria kali ya kuwalinda wanyamapori, na hesabu iliyofanywa mwaka huo ikaonyesha kwamba simbamarara walikuwa 1,827. Tarehe 1 Aprili 1973, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, mpango uitwao Project Tiger ulizinduliwa katika mbuga ya Corbett. Hifadhi tisa zilitengwa, askari wakaajiriwa, na baadhi ya vijiji vikahamishwa. Ulimwengu uliusifu mpango huo, na ulistahili sifa hizo, kwani misitu ilianza kupumua na wanyama wakarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hesabu rasmi ilikuwa imepita 4,000. Hata uwindaji haramu uliposhika kasi katika miaka ya 1990, daftari lilizidi kuonyesha kwamba wanyama hao walikuwa zaidi ya 3,500. Hesabu iliyofanywa mwaka wa 2001 na 2002 ilitaja simbamarara 3,642.

Yafaa tujiulize: je, hesabu hiyo ilifanywaje? Askari wa misitu walitembea kwa siku kadhaa wakitafuta alama za nyayo katika vumbi la njia na katika kingo za mito. Walipoiona alama, waliweka kioo juu yake na kuichora, au waliimwagia plasta ili wapate mfano wake. Ilidaiwa kwamba ofisa mwenye uzoefu aliweza kutofautisha unyayo wa mnyama huyu na wa yule, kama vile mwalimu anavyoutambua mwandiko wa kila mwanafunzi wake. Dai hilo lilivutia, lakini halikuwa na msingi imara. Unyayo ule ule hubadilika sura udongo ukiwa mbichi au mkavu, na mnyama akitembea polepole au akikimbia. Mnyama mmoja angeweza kuandikwa mara mbili, hata mara tatu, na asijulikane.

Mwanasayansi Ullas Karanth alionyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kutega kamera katika mbuga ya Nagarahole, kusini mwa India. Mnyama apitapo, kamera humpiga picha bila ya kuwapo mtu. Kwa vile milia ya simbamarara haifanani kamwe na ya mwenziwe, kama vile alama za vidole vyetu zisivyofanana, kila picha humtaja mwenyewe. Mtaalamu hutazama ni wangapi waliorudi kupigwa picha tena na ni wangapi walio wapya, na kutokana na uwiano huo hukadiria idadi yao, pamoja na wale ambao hawakupita mbele ya kamera. Ni njia ya gharama na ya subira, lakini makosa yake yanaweza kupimwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya muongo mmoja wakuu wa misitu hawakuwa tayari kuiacha ile njia ya nyayo.

Kwa nini walikataa? Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa ujinga wa sayansi. Mkuu wa hifadhi ambayo simbamarara wake wamepungua huitwa ajieleze, na yule ambaye simbamarara wake wameongezeka hupongezwa. Wakati huo huo, waliohesabu wanyama ndio wale wale waliopewa kazi ya kuwalinda. Ilikuwa kama shule ambayo mwalimu mkuu ndiye anayeutunga mtihani, akausimamia, akausahihisha, kisha akayatangaza matokeo mbele ya wazazi. Hata kama mwalimu huyo ni mwadilifu, mpango wenyewe unamshawishi apotoke.

Matunda ya mpango huo yalivunwa Sariska. Hii ni hifadhi iliyoko katika jimbo la Rajasthan, si mbali na mji mkuu wa Delhi, na iliingizwa katika Project Tiger mwaka wa 1978. Katika hesabu ya mwaka wa 2004 ilisemekana kwamba ilikuwa na simbamarara wapatao 16. Mapema mwaka wa 2005 gazeti la Indian Express lilichapisha habari kwamba hapakuwa na dalili ya simbamarara hata mmoja. Wakuu walikanusha kwanza. Wataalamu walipotumwa kupekua kila bonde, walithibitisha kwamba gazeti lilisema kweli. Wanyama wote walikuwa wameuawa na wawindaji haramu, na walikuwa wamekwisha huku ofisi ikiendelea kuwahesabu.

Sisi Wakenya tunayo maneno ya kulielezea jambo hili. Tumesoma mara nyingi kuhusu wafanyakazi hewa wanaopokea mishahara bila ya kuwapo kazini, na kuhusu wanafunzi hewa wanaoandikwa katika orodha ili shule zipate fedha. Sariska ilikuwa na simbamarara hewa. Tofauti ni kwamba mfanyakazi hewa huigharimu serikali mshahara, ilhali simbamarara hewa humgharimu uhai simbamarara wa kweli. Maadamu daftari linasema wapo, hakuna atakayeongeza askari, hakuna atakayefuatilia risasi iliyosikika usiku, na hakuna atakayeuliza ngozi inayouzwa sokoni imetoka wapi. Idadi ya uongo ndiyo iliyowafungulia wawindaji mlango.

Aibu hiyo iliitikisa India. Waziri Mkuu Manmohan Singh aliamuru uchunguzi, na kamati ikaundwa chini ya uenyekiti wa Sunita Narain. Sansar Chand, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa ngozi na mifupa ya wanyamapori, alikamatwa mwaka huo huo wa 2005. Lakini kamati haikutosheka na kumlaumu mtu mmoja. Katika ripoti yake ilieleza kwamba wanavijiji wa ndani na wa kandokando ya hifadhi walikuwa wamegeuzwa kuwa maadui wa hifadhi. Watu hao walinyimwa malisho na kuni, wakaishi kwa miaka mingi bila ya kujua kama wangehamishwa au la, na hawakupata faida yoyote kutokana na mnyama aliyekuwa akiwavuta watalii. Mwindaji haramu alipokuja, aliwakuta watu wasiokuwa na sababu ya kumzuia. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi.

Panna, hifadhi nyingine katika jimbo la Madhya Pradesh, ilikuwa na nafasi ya kujifunza kutokana na msiba wa jirani yake. Haikujifunza. Mtafiti Raghu Chundawat, aliyekuwa akiwachunguza simbamarara wa hapo kwa miaka mingi, alionya kwamba walikuwa wakitoweka mmoja baada ya mwingine. Badala ya kusikizwa, aliwekewa vikwazo katika utafiti wake, na wakuu wakaendelea kusisitiza kwamba mambo yalikuwa shwari. Kufikia mwaka wa 2009 ilikubaliwa kwamba Panna haikuwa na simbamarara hata mmoja. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Pamoja na hayo, ni haki tuisifu India kwa hatua iliyofuata. Serikali iliiacha ile njia ya nyayo na kuamuru hesabu mpya ya nchi nzima kwa kutumia kamera na takwimu. Matokeo ya hesabu ya mwaka wa 2006 yalipotangazwa, idadi ilikuwa 1,411. Hebu msomaji ilinganishe na 3,642 ya miaka minne au mitano iliyotangulia. Wengine walilia kwamba simbamarara zaidi ya 2,000 walikuwa wameuawa katika muda huo mfupi. Ukweli ulikuwa mchungu kwa namna nyingine: wengi wao hawakuwapo tangu mwanzo. Walizaliwa katika daftari, na katika daftari hilo wakafia.

Ilihitaji ujasiri kwa serikali kutangaza mbele ya ulimwengu kwamba hazina yake ya taifa ilikuwa chini ya nusu ya ilivyodhaniwa. Lakini kutokana na idadi hiyo ndogo ya kweli, kazi ya kweli ilianza. Sheria ilirekebishwa mwaka wa 2006 na mamlaka maalum ya kumhifadhi simbamarara ikapewa nguvu. Mwaka wa 2008 simbamarara walichukuliwa kwa helikopta kutoka Ranthambore wakapelekwa Sariska, na mwaka wa 2009 wengine wakapelekwa Panna. Leo Sariska ina zaidi ya 40, na Panna zaidi ya 50. Hesabu za taifa zilipanda: 1,706 mwaka wa 2010, 2,226 mwaka wa 2014, 2,967 mwaka wa 2018, na 3,682 kwa makadirio ya mwaka wa 2022. Nepal nayo ilitoka kwa 121 mwaka wa 2009 ikafikia 355 mwaka wa 2022.

Je, tuziamini idadi hizi mpya? Swali hilo ni halali, nami singependa mwanafunzi alione kuwa ni utovu wa adabu. Mataifa 13 yenye simbamarara yalipokutana mjini Saint Petersburg mwezi wa Novemba 2010, yaliahidi kuiongeza idadi yao maradufu kufikia mwaka wa 2022. Mwaka wa 2023 ilitangazwa kwamba waliopo ulimwenguni ni 5,574. Ni ongezeko kubwa, ingawa halikufikia lengo. Lakini wataalamu wa shirika la uhifadhi la IUCN wenyewe walikiri mwaka wa 2022 kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kuhesabu vizuri zaidi na katika maeneo mengi zaidi, wala si kwamba wote wamezaliwa karibuni. Aidha, wapo wanasayansi, Karanth akiwa miongoni mwao, ambao wamezikosoa hata hesabu za kamera na kudai kwamba takwimu zote zifunguliwe ili watafiti wasiokuwa wa serikali wazikague. Nami nakubaliana nao. Hesabu iliyofanywa kwa kamera na kufungiwa kabatini haina tofauti kubwa na ile ya nyayo.

Upande wa kusini-mashariki mwa Asia unatuonyesha hali ilivyo pale ambapo msitu umekwisha kuwa mtupu. Nchini Kambodia, simbamarara wa mwisho alipigwa picha na kamera mwaka wa 2007, na kufikia 2016 wahifadhi walikiri kwamba hakuna tena wanaozaana nchini humo. Laos haijapata ushahidi wa kuwapo kwao tangu mwaka wa 2013. Huko, silaha kubwa ya maangamizi ni waya. Mwaka wa 2020 shirika la WWF lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kambodia, Laos na Vietnam kulikuwa na vitanzi milioni 12.3. Kitanzi hutengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli au pikipiki, kwa gharama ndogo mno, na hakibagui. Hunasa kulungu, nguruwe, dubu, na simbamarara mwenyewe. Askari anayeondoa vitanzi kumi leo hukuta vingine kumi juma lijalo.

Nyuma ya kitanzi yupo mnunuzi. Mifupa ya simbamarara imetumika kwa karne nyingi kama dawa ya maumivu ya viungo katika tiba ya Kichina, na siku hizi hulowekwa katika mvinyo unaonunuliwa na matajiri kuonyesha ukwasi wao. China ilipiga marufuku biashara ya mifupa hiyo mwaka wa 1993. Mwezi wa Oktoba 2018 ilitangaza kwamba ingeiruhusu kwa matumizi ya hospitali iwapo mifupa imetoka kwa wanyama wanaofugwa, na mwezi uliofuata, baada ya ulimwengu kupiga kelele, ikasema kwamba hatua hiyo imeahirishwa. Wakati huo huo, simbamarara zaidi ya 8,000 wanakadiriwa kufugwa vizimbani katika China, Laos, Thailand na Vietnam, idadi inayowashinda wote walioko mwituni.

Wapo wanaodai kwamba mashamba hayo yatamwokoa mnyama wa mwituni, kwa sababu mnunuzi atatosheka na yule wa kizimbani. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini ina kasoro tatu. Kwanza, kumlisha simbamarara mpaka akue hugharimu fedha nyingi, ilhali kumnasa hugharimu waya. Pili, mfupa ukishafika sokoni hakuna mnunuzi awezaye kutambua ulitoka kizimbani au msituni, na mara nyingi yule wa msituni ndiye anayedhaniwa kuwa na nguvu zaidi. Tatu, biashara halali huondoa aibu, na aibu ikiondoka wanunuzi huongezeka. Ndiyo maana mwaka wa 2007 nchi zilizo katika mkataba wa CITES ziliamua kwamba simbamarara wasifugwe kwa ajili ya biashara ya viungo vyao.

Hapa ndipo Afrika inapoguswa. Mifupa ya simbamarara ilipoadimika, wafanyabiashara waliigeukia mifupa ya simba. Mwaka wa 2017 Afrika Kusini iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa iuzwe nje, na shehena za aina hiyo zilielekea Asia, ambako mfupa wa simba huuzwa kwa jina la simbamarara. Biashara hiyo halali ilisimamishwa kutokana na uamuzi wa mahakama mwaka wa 2019, lakini njia ilikwisha kufunguliwa.

Kuna uhusiano mwingine ambao wengi hawaujui, nao unatoka hapa hapa nchini. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na R. E. Montgomery mwaka wa 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi hapa Kenya. Ngiri wetu huvibeba viini vya ugonjwa huo bila ya kuugua. Mwaka wa 2007 ugonjwa uliingia Georgia, mwezi wa Agosti 2018 ukafika China, na mwaka wa 2019 ukawa umefika mashariki ya Urusi na kisiwa cha Sumatra. Nguruwe-mwitu walikufa kwa wingi, na simbamarara wa Urusi waliokosa windo wakaanza kuingia vijijini na kuwala mbwa. Binadamu aliyesafirisha nguruwe na nyama bila ya uangalifu alimnyang'anya mnyama huyo chakula bila ya kumrushia hata jiwe.

Sasa tufikie jambo gumu kuliko yote, yaani binadamu anayeishi karibu na simbamarara. Ni rahisi kwa mtu wa Nairobi au London kumpenda mnyama huyu. Ni vigumu kwa mjane wa mrina asali katika misitu ya mikoko ya Sundarbans, kati ya India na Bangladesh, ambako wanaume huingia msituni kutafuta riziki na wengine hawarudi. Nchini Nepal, kadiri simbamarara walivyoongezeka ndivyo watu waliouawa walivyoongezeka. Mwezi wa Desemba 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, K. P. Sharma Oli, alisema kwamba simbamarara 150 wangeitosha nchi yake. Wahifadhi walikasirika. Mimi siungi mkono kauli hiyo, lakini naielewa, kwa sababu daftari linaloandika simbamarara 355 na kusahau kuandika watu waliozikwa ni daftari la uongo pia.

Je, basi binadamu na simbamarara hawawezi kuishi pamoja? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwezi wa Januari 2025, ukiongozwa na Yadvendradev Jhala, unatupa jibu lenye matumaini. Simbamarara wa India wametapakaa katika eneo la kilomita mraba zipatazo 138,000, ambalo ni karibu robo ya Kenya, na katika eneo hilo wanaishi binadamu wapatao milioni 60. Kati ya mwaka wa 2006 na 2018 eneo hilo lilipanuka kwa asilimia 30. Wingi wa watu peke yake haukumfukuza mnyama huyu. Alitoweka pale penye vita vya silaha, umaskini mkubwa na desturi ya kuwinda kila kinachotembea. Alistawi pale penye hifadhi imara na penye jamii zinazofaidika kutokana na kuwapo kwake. Nepal yenyewe ilitambua hilo tangu mwaka wa 1996, ilipoweka kanuni za kuwarudishia majirani wa mbuga kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato yake.

Nimeeleza kwa kirefu habari za Asia kwa sababu sisi nasi tumo safarini. Mwaka wa 2021 Kenya ilifanya hesabu ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori wake, ikataja ndovu 36,280 na simba 2,589. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini hesabu moja haitoshi. Yapasa irudiwe kwa wakati uliopangwa, njia zake zielezwe waziwazi, na takwimu zake zikaguliwe na vyuo vikuu vyetu, ili ofisi yoyote isipate nafasi ya kuwa mtahiniwa na mtahini kwa wakati mmoja. Na ofisa anayetangaza kwamba wanyama wake wamepungua asiadhibiwe kwa kusema kweli. Aadhibiwe yule aliyejua akanyamaza.

Vivyo hivyo kuhusu binadamu. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Ni ahadi njema, lakini kuna familia zilizoisubiri kwa miaka mingi. Kila mwaka unaopita bila ya fidia humwongezea mwindaji haramu rafiki kijijini, kama ilivyokuwa Sariska. Serikali ikitaka mkulima wa Taita au mfugaji wa Kajiado amhesabu simba kuwa mali yake, nayo imhesabu mkulima na mfugaji huyo.

Kwa walimu, ombi langu ni hili. Mwanafunzi akisoma gazetini kwamba wanyama fulani wameongezeka, au kwamba shule fulani imepanda, au kwamba ugonjwa fulani umepungua, mfunzeni aulize maswali matatu: Ni nani aliyehesabu? Alihesabu kwa njia gani? Na angepata hasara gani kama angetangaza idadi tofauti? Maswali hayo yangeulizwa mapema kuhusu Sariska, huenda wale simbamarara wa mwisho wangaliokolewa.